Umeme kwa Shingo ya Dalali

Jumatatu, 6 Oktoba

Jina ni Mutunga, dalali wa mbuzi soko la Mwingi. Naandika peni ikiwa imefungwa kwa kiganja na kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa sababu vidole vyangu vimelala tangu mwaka juzi. Siku ukiona nimeandika mstari mmoja usidhani hakukuwa na habari. Ni mkono umegoma.

Nilianguka kutoka juu ya lori. Mbuzi mia mbili ndani, mimi juu nafunga turubai, mvua, mguu ukateleza. Shingo ikavunjika, mdomo ukabaki mzima. Watu wa soko wanasema Mungu angepanga vizuri zaidi.

Leo mashine imekuja. Ni kisanduku kama redio ya mkononi, na nyaya nne. Imeletwa na Nthenya, fisio wa hospitali ya misheni, yule wa mazoezi ya viungo. Msichana mdogo lakini anaongea kama chifu. Amebandika stika mbili nyuma ya shingo, moja juu ya pale palivunjika na moja chini, na zingine mbili kwa mabega. Hakuna kisu, hakuna sindano. Akawasha. Siafu wakaanza kutembea kwa shingo.

"Umeme haufanyi kazi yako, Mzee Mutunga," akasema. "Unaamsha njia tu. Kupita ni wewe upite."

Wiki nane, kila siku ya kazi, saa moja kwa siku. Kuandika hapa ni sehemu ya mazoezi. Amesema niandike chochote, hata matusi, yeye hatasoma. Nimemwambia shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo matusi ndio najua vizuri.

Jana kanisani Pasta aliniombea miguu. Sikumkatiza. Lakini kama ningeulizwa, ningesema Mungu aanze na kidole gumba. Miguu nimeshazoea kukosa. Mbuzi ananunuliwa na kidole gumba. Unambonyeza pale kiuno karibu na mkia, unajua mafuta ni ngapi, unajua kama ana mimba, unajua mwenyewe anadanganya wapi. Dalali bila kidole gumba ni redio tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mkono umegoma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi ni kutoa maharagwe kwa sahani moja kupeleka nyingine huku siafu wako kwa shingo. Saa nzima nimehamisha tatu. Moja niliisukuma na kiwiko, Nthenya akaona.

"Hiyo haihesabiwi."

"Sokoni ingehesabiwa."

Kila siku kuna fomu. Kichwa kinauma? Presha ngapi? Mkojo unatoka? Ngozi iko sawa? Hapo kwa ngozi amekaa sana. Amesema mimi chini ya kifua sisikii, kwa hivyo kidonda kikitokea sitajua, lakini mwili utajua. Mwili ukikasirika unapandisha presha mpaka mshipa wa kichwa unaweza kupasuka. Kidonda kikionekana, mashine inazimwa siku hiyo hiyo na inapelekwa kwa mtu mwingine. Mashine ni moja, Kitui na Makueni yote. Huyo mtu mwingine ana jina, Muthoki, mwanamke wa mji wa Salama, Makueni, aliyegongwa na gari barabarani. Anangoja Desemba.

Nikamwambia, "Muthoki angoje tu. Mimi ngozi yangu ni ya ng'ombe."

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna mvua. Vumbi mpaka kwa chai. Maharagwe saba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimeshika sabuni!

Si kubeba na viganja viwili kama sungura. Kushika. Kidole gumba kimekuja upande mmoja, vingine vikaja upande ule, sabuni ikakaa katikati ikashangaa. Nimemwita Wayua, bibi yangu, akatoka jikoni na mwiko.

"Angalia."

Akaangalia. Akaketi chini pale pale kwa mchanga, mwiko mkononi. "Baba Katunge, shika tena."

Nikashika tena. Miaka miwili huyu mama ananiosha kama mtoto, ananigeuza, ananiangalia nyuma na kioo kila jioni kama anatafuta pesa imepotea. Nikamwambia kuanzia kesho najiosha mwenyewe kwa kiti cha plastiki. Akasema na mgongo je. Nikasema mgongo nitauachia Nthenya, hiyo ndio kazi yake. Akacheka. Sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu lori.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua! Imeanza saa nane mchana, kubwa, na kelele ya mabati. Wayua ameshachukua jembe. Pojo, mbaazi, mahindi, zote anataka zilale chini kabla ya Jumapili. Sasa anatoka asubuhi na kurudi jioni na matope mpaka magotini, anakula, analala bila kushika kioo.

Maharagwe thelathini na moja.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kuna kitu kwa kusheni ya wilchea, hiki kiti changu cha magurudumu. Alama, kama sarafu ya shilingi ishirini. Nilidhani ni chai. Nikainusa. Si chai.

Nimechukua simu, nikaiweka chini ya makalio, nikapiga picha sita mpaka moja ikakubali. Kiko. Kidonda, upande wa kushoto, mdomo mwekundu.

Wiki ya nne bado haijaisha.

Nimegeuza kusheni upande ule mwingine.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kwa fomu, ngozi sawa.

Jumatatu, 3 Novemba

Jumatatu Nthenya anatakiwa kuangalia mgongo kwa macho yake na kutia sahihi. Wiki za kwanza aliangalia na Wayua akiwa hapo. Leo Wayua yuko shambani.

Nimetumia ukoo. Nthenya ni wa ukoo wetu, babake na mimi tunaitana ndugu. Kwa hiyo hesabu mimi ni baba yake mdogo.

"Nthenya mwanangu," nikasema, na uso wa mazishi, "nyumba haina mtu. Wewe unifungue suruali peke yako, babako akisikia atanitazama vipi? Mama Katunge ameniangalia leo asubuhi. Nguo safi, ngozi safi."

Akasimama na ile fomu. Niliona aibu ikimpanda mpaka masikio. Hospitalini angenigeuza bila kuuliza, lakini hapa ni kwa baba mdogo, na mlango uko wazi.

"Ameangalia kweli?"

"Kwani bibi yangu ni mwongo?"

Akatia sahihi.

Jioni Wayua akauliza, "Nthenya ameangalia?"

"Ameangalia. Amesema ni kama ya mtoto."

Hiyo ndio kazi ya dalali. Mnunuzi unamwambia muuzaji amesema hivi, muuzaji unamwambia mnunuzi amesema vile, na wawili hawakutani. Ukisimama vizuri katikati, wote wanalala vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Mursal amekuja. Huyu ndiye mnunuzi wangu wa miaka kumi na moja, anatoa mbuzi upande wa Garissa na hapa, anapeleka Nairobi. Tangu nianguke anakuja kunisalimia na maziwa ya ngamia. Mimi nilikuwa nadhani ni huruma, na huruma inaniwasha kuliko stika. Leo amekuja na beberu, amemvuta kwa kamba mpaka kwa magurudumu.

"Dalali, huyu anasemwa ana kilo arobaini. Niambie."

Nikapeleka mkono. Taratibu. Kidole gumba kikapita kwa nywele, kikashuka kwa kiuno, kikabonyeza. Nikasikia mfupa. Nasema nikasikia! Hafifu, kama mtu anaongea nyumba ya jirani, lakini ni mfupa, na juu yake ngozi tu.

"Thelathini na mbili. Wamemnywesha maji na chumvi."

Mursal akambonyeza kiuno yeye mwenyewe. Baadaye akasema, "Thelathini na tatu. Mimi nilimpima." Akanishika bega. "Desemba mbuzi wa Krismasi ni wengi, na huyu kijana anayeninunulia sasa, yeye ananunua na macho. Mashine ikimaliza, uje na hiyo wilchea mpaka kwa boma. Wewe ushike, mimi nilipe."

Alipoenda nililia kidogo. Halafu nikakumbuka nimekaa juu ya nini.

Jumatatu, 10 Novemba

Kichwa. Kimekuja dakika kumi za kwanza, kama mtu anatwanga mahindi ya muthokoi ndani. Nikatoa jasho usoni, nywele za mikono zikasimama. Presha imepanda. Nthenya akapunguza umeme, kichwa hakikupungua.

"Unasikia kichwa?"

"Nasikia njaa."

Akauliza ngozi. Nikasema Mama Katunge ameangalia. Hakuniuliza tena. Sasa naona vile anaandika huku ameinamisha uso.

Jumanne, 11 Novemba

Kichwa.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua usiku kucha. Mto umejaa. Kichwa. Maharagwe hamsini na nane.

Ijumaa, 14 Novemba

Kimeanza kunuka. Wayua ameuliza kama kuna panya amekufa. Nikasema labda yuko kwa store.

Nimefanya vile tunafanya mbuzi. Kuna ile dawa ya bluu ya kupuliza, ya vidonda vya mifugo, iko kwa rafu tangu zamani. Mwezi uliopita nisingeweza kubonyeza kichwa chake. Leo nimebonyeza na kidole gumba mara nane, nikijikunja upande mmoja kwa kitanda, napuliza kule sioni. Harufu imeisha. Ni kidole hicho hicho mashine imenirudishia.

Wiki mbili zimebaki. Mbuzi mwenye kidonda tunampuliza, tunampandisha lori, anafika Nairobi. Wiki mbili ni nini.

Alhamisi, 20 Novemba. Hospitali.

Naandika pole pole. Ilikuwa Jumanne.

Nthenya alifika amelowa, amevuka mto na viatu mkononi. Wayua alikuwa nyumbani kwa sababu shamba lilikuwa dimbwi. Stika, siafu, maharagwe. Dakika ya tano kichwa kikaja, na hii haikuwa kutwanga, hii ilikuwa shoka. Macho yakaona nyota mchana. Uso ukawaka moto, pua ikaziba. Nthenya akafunga ile mashine ya presha kwa mkono wangu, akaangalia, akaifunga tena kama haamini. Mimi kawaida ni tisini. Ilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Alizima umeme na kung'oa stika zote. "Wayua, mkalishe wima! Miguu chini! Fungua mshipi, fungua kila kitu!" Akashika mpira wa mkojo, akaufuata wote na vidole, haujajikunja, mkojo unaingia kwa mfuko. Akapima. Mia mbili na kumi.

Akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso. "Umeme umezimwa na haishuki. Kuna kitu chini kinauma na mwili unapiga kelele. Ni nini? Kuna kidonda?"

Nataka niandike vile ilikuwa. Nilikuwa sioni upande mmoja. Nilikuwa najua nakufa. Na mdomo wangu ukasema, "Hakuna."

Wayua akasema, "Hakuna, wewe si uliangalia?"

Nthenya akamwangalia. Nadhani ni hapo alijua.

Pikipiki haingevuka mto. Wayua akampigia Mursal, na Mursal akaleta lori ya mbuzi, ile ya magurudumu makubwa, ikapita majini na mbuzi wakilia. Wakanibeba mpaka kwa kabini, nimekaa wima katikati, Nthenya upande huu akipima, Mursal akiendesha na kusoma dua. Mia mbili na sita. Mia mbili na tisa. Kila mara akitaja nambari, sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Wodini nesi mwanaume alinigeuza bila kuuliza ukoo. Akaita mwenzake. "Kuja uone! Huyu amepakwa rangi!"

Kidonda kilikuwa kinafika karibu na mfupa. Wakakiosha, wakakata nyama iliyooza, wakanipa dawa, wakanilaza kifudifudi. Baada ya saa mbili presha ikarudi mia na kumi.

Wayua alikuwa amesimama mlangoni. Aliona ile bluu. Alitoka nje, hajaongea na mimi mpaka leo.

Jumamosi, 22 Novemba

Wayua ameleta uji, ameweka chini, ameenda.

Jumatatu, 24 Novemba

Karani wa kamati ya hospitali inayosimamia mashine amekuja na viatu vinavyong'aa. Jumatano watakaa juu ya hii maneno. Akainama karibu na sikio langu.

"Mzee, kidonda kinaweza kuja kwa siku mbili tatu. Ukisema kilianza wiki iliyopita, na umeme ulikuwa mkali, hiyo si makosa ya mgonjwa. Ukipona unarudishwa kwa mashine, wiki zako zinaanza upya. Ukisema ulikuwa unaficha, sheria ni moja, unatolewa kabisa."

"Na Nthenya?"

"Ametia sahihi kwa kitu hakuona. Huyo anaenda nyumbani. Na pengine hii kazi yote ya mashine inafungwa."

Wiki nane mpya. Nimelala na hiyo hesabu kama mtu amelala na mgeni.

Jumanne, 25 Novemba

Nthenya alipita kuniona, bila koti jeupe. Nilikuwa nangoja anilaumu, nilikuwa nimetayarisha mzaha. Alipima mkono wangu, akasema nibonyeze kidole chake. Nikabonyeza.

"Kina nguvu," akasema.

"Nthenya, kesho niseme nini?"

"Sema unachojua."

Akaenda. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 26 Novemba

Wamesukuma kitanda changu mpaka kwa chumba cha mikutano, mimi kifudifudi. Nimeona viatu tu. Viatu sita vya kamati, viatu vya Nthenya, na raba za Wayua zenye matope.

Wakauliza kilianza lini.

Sokoni mbuzi hatoki na maneno yote. Dalali anataja meno, anataja mwendo, na kidonda anangoja aulizwe, na akiulizwa anajibu kitu kingine. Miaka ishirini na mbili sijawahi kumwambia mnunuzi kilema ambacho hajakiona. Leo nimejiuza mwenyewe na nimetaja yote. Tarehe thelathini Oktoba, kwa kusheni. Picha sita kwa simu, hizi hapa. Kichwa tarehe kumi, nikasema ni njaa. Dawa ya mbuzi tarehe kumi na nne. "Huyu msichana aliuliza kila Jumatatu. Nikamwambia bibi yangu ameangalia. Bibi yangu akauliza kila jioni. Nikamwambia huyu ameangalia. Hakuna aliyeangalia. Nilisimama katikati nikawauza wote wawili."

Halafu raba za Wayua zikaja mpaka chini ya macho yangu.

"Umenifanya shahidi wa kitu sijaona," akasema, mbele ya watu. "Miaka miwili nimekuangalia na kioo, Mutunga, na wewe ukalitumia jina langu kujiua."

Hajawahi kuniita Mutunga.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimetolewa. Kwa mashine, kabisa. Nthenya amepewa barua ya onyo, lakini amebaki. Kuanzia sasa mgonjwa anaangaliwa na nesi wa jinsia yake, ukoo au hakuna ukoo. Leo ndio ingekuwa siku yangu ya mwisho. Mashine iko njiani kwenda Salama.

Jumapili, 7 Desemba

Nyumbani. Kifudifudi, mpaka mwisho wa Januari au zaidi. Wayua ameongea. Amesema, "Inua mkono nipitishe shuka."

Alhamisi, 18 Desemba

Malori ya Krismasi yanapita barabarani, nayasikia. Mursal amekuja akakaa kwa kigoda. Alikasirika kuliko nilivyotegemea.

"Kidonda cha mbuzi ukinificha, nakosa mbuzi. Chako ukinificha, nakosa nani?"

Nikamwambia kidole hakijasahau. Nthenya alisema nguvu nyingine inabaki, nyingine inaweza kurudi nyuma bila umeme. Mursal akasema boma halihami. Hakusema lini.

Ijumaa, 2 Januari

Jioni. Wayua na kioo. "Kimepungua," amesema. Nikamwomba anionyeshe. Tumeangalia pamoja.

Jumatano, 7 Januari

Leo saa nne asubuhi simu imelia. Nthenya. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu kamati.

"Mzee Mutunga, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi? Niko kifudifudi, kama mkate kwa trei."

Hakucheka. "Niko Salama kwa Muthoki. Wiki ya tano. Maharagwe arobaini. Fomu yake ni safi sana." Akashusha sauti. "Safi kama yako. Nesi wa kike ni mgonjwa tangu Ijumaa. Nimeomba nimwangalie mwenyewe, amekataa, anasema mamake ameshaangalia. Ongea na yeye."

Akaweka simu kwa kipaza. Nyuma nilisikia malori ya barabara ya Mombasa.

"Baba, sijambo kabisa!" Sauti nzuri, ya juu. "Jana nimeshika kijiko! Wiki tatu zimebaki tu!" Akacheka.

Alicheka kabla sijachekesha. Hiyo bidhaa naijua.

"Muthoki, kichwa kinauma tangu lini?"

Malori mawili yakapita. La tatu likapita.

"Haki kinauma kidogo tu, baba."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Na mgongo ameangalia nani?"

"Mama."

"Yuko hapo? Muulize, nisikie."

Ikaja sauti ya mama mtu mzima kutoka mbali, kama amesimama mlangoni. "Mimi? Si ulisema ni Nthenya?"

Nikasikia Nthenya akisema, "Zima," na kisanduku kikalia ule mlio wake mdogo wa kuzima, na Muthoki akaanza kulia. Si kulia kwa maumivu. Ni kule kulia kwa mtu ameona kijiko kikienda.

"Baba, wataipeleka," akasema. "Wataipeleka kwa mtu mwingine."

Nilifikiria kumwambia haitaenda. Ingekuwa rahisi, maneno yalikuwa tayari kwa ulimi.

"Labda wataipeleka," nikamwambia. "Lia tu, mwanangu. Lakini lia ukiwa umegeuka, mamako aone mgongo."